Tenga Namba 41

30 Septemba, Jumatatu

Nimepoteza tenga namba 41, kiti changu cha ufukoni. Nimelipoteza jana, siku ya Mikaeli, saa sita mchana, nikiwa nimekalia sanduku langu kwenye gati la bara na kutazama matope mahali ilipopaswa kuwa bahari. Upepo wa mashariki ulikuwa umeyasukuma maji yote nje ya mkondo wa kwenda kisiwani. Feri ilikuwa imetulia kama kuku anayeatamia, na nahodha alikuwa anakula mkate wake wa samaki bila haraka yoyote, kwa kuwa yeye hana tenga.

Kanuni ya Fokko, mkodishaji wa matenga, naijua kuliko yeye mwenyewe. Mgeni wa miaka yote huwekewa namba yake mpaka siku ya Mikaeli, saa sita mchana. Ufunguo hutoka mkononi mwa Fokko na kuingia mkononi mwa mgeni. Asiyefika, namba yake inakuwa ya yeyote atakayekuwa amesimama mlangoni. Nilimpigia simu kutoka gatini. Akasema, "Mama Pohlkötter, ufunguo haupiti kwenye waya." Nikamwambia simu za siku hizi hazina waya. Akasema, "Basi ndiyo kabisa. Hata huo waya haupo."

Leo maji yamerudi, nimevuka, nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda chake na sanduku mkononi.

"Moin," akasema. Ndiyo salamu ya hapa, haijali saa.

"Nani kalichukua?"

"Mzee mmoja wa Bottrop, anaitwa Kowollik. Alikuja kuulizia choo, saa ikagonga sita."

"Kuulizia choo."

"Nikamwambia choo kile pale, na tenga moja liko wazi. Alifurahi huyo, mama. Wewe tangu nikujue hujafurahi hivyo hata siku moja."

Amenipa 58. Yeyote anayeujua ufuko huu anajua 58 ni nini. Ni la mwisho upande wa mbwa, wanakoachiwa wakimbie.

Niandike hili mapema lisije likapindishwa baadaye: hili si suala la huzuni. Marehemu mume wangu Ewald alilipenda 41, ndiyo, lakini Ewald alipenda pia supu ya kopo. Hili ni suala la upepo. 41 liko pale kilima cha mchanga kinapojikunja, na upepo wa magharibi hukatikia hapo. Mtu akijikunyata ndani ya kile kiti cha watu wawili, kilichosukwa kama tenga la kuku na kuwekewa paa, turubai magotini, chupa ya chai kando yake, anaweza kukaa mvuani mchana kutwa na akatoka mkavu. Nimekaa hapo vuli kumi na tisa. Nilianza maisha na ngazi moja na ndoo mbili, nikayasafisha madirisha ya nusu ya mji wa Hamm, na nilipoiuza kampuni ilikuwa na watu arobaini. Sijawahi kupewa mahali pazuri. Nimepatafuta, nimepapima, nimepapata. Na sasa pamekwenda kwa mtu aliyebanwa na mkojo.

1 Oktoba

Mvua ya rasharasha, upepo wa magharibi. Mbwa mmoja wa kahawia ameinua mguu kwenye kona ya tenga langu. Mwenyewe akaniambia, "Kakupenda."

Kutoka 58 naliona 41 lote. Saa nne akaja huyo Kowollik: mfupi, mabega mapana kama mlango wa ghala, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi. Akalishika tenga kwa mikono miwili na kuligeuza. Nikadhani analiweka sawa. La, analielekeza baharini. Vuli ikiingia kila mwenye akili huupa upepo mgongo. Yeye kaupa uso. Mvua inaingia mle ndani kama mgeni aliyealikwa.

2 Oktoba

Mvua. Amekaa vile vile. Ameloa. Anatabasamu.

3 Oktoba

Sikukuu. Wageni wa siku moja walijaa asubuhi na makoti yao ya rangi ya machungwa. Mchana mvua ikakaza, wakakimbilia feri. Tukabaki sisi wenye vuli yetu, na ufuko ukawa mpana tena. Jioni mkate wa zabibu kwa Bi Tomma, mwenye nyumba yangu, bado unafuka moshi, na siagi inayeyuka kabla hujaipaka. Siwezi kusema siku ilikuwa mbaya.

5 Oktoba, Jumamosi

Nimefanya lile ambalo kila mtu wa kwetu amelifanya angalau mara moja maishani, na anayekana ni mwongo. Kabla hakujapambazuka vizuri nimekwenda ufukoni nikatandika taulo langu juu ya 41, kuonyesha limeshikwa. Najua taulo halina nguvu mbele ya ufunguo. Lakini taulo ni taulo. Watu wazima wenye kazi za maana wamewahi kurudi nyuma mbele ya taulo.

Nikakaa 58 nikisubiri aone haya.

Akaja, akaliona, akaliinua kwa vidole viwili, akatazama huku na huku kwa huruma. Kisha akalikunja, akaliweka mfukoni, akageuza tenga baharini, akakaa.

Jioni mlango wa Bi Tomma uligongwa. Nikamsikia kutoka juu ngazini: "Hodi, mama. Nazunguka kila nyumba: kuna mgeni kasahau taulo. Lina herufi M na P. Nimelifua, lilikuwa na mchanga." Bi Tomma akaniletea. Limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa pembe kwa pembe kama la hospitali. Harufu ya lavenda.

"Mtu mwema yule," akasema Bi Tomma.

"Ni mjanja," nikasema.

"Hajui hata kuwa ni lako."

Hapo ndipo nilipoudhika kweli.

6 Oktoba

Mvua. Nimelala na taulo hilo kwenye kiti nikalitazama. Mimi mwenyewe sipigi pasi taulo.

8 Oktoba, Jumanne

Leo nimecheka peke yangu kitandani, na kitu hicho hakijatokea kwa muda mrefu.

Sebule ya chini kwa Bi Tomma ndicho chumba chake cha chai. Saa tisa mvua ilikuwa inapiga vioo, meza zote zimejaa watu wanaokauka. Kowollik akaingia, amelowa kama kitambaa cha dekio, akapewa meza ya kona, karibu na yangu. Bi Tomma akamwekea sukari ya mawe kikombeni, akamimina chai, ile sukari ikalia kama barafu inayopasuka. Akamdondoshea krimu pembeni. Mzee akachukua kijiko akakoroga. Meza nzima ya wenyeji ikageuka kumtazama, kana kwamba mtu katema mate kanisani. Hapa chai haikorogwi. Hilo akalisoma kwenye nyuso zao, akakirudisha kijiko kwenye kisahani, taratibu, kikae sawa.

Kijiko kwenye kisahani maana yake: mwenyeji, niongeze. Ukitosheka unakitia ndani ya kikombe. Vikombe vitatu ni haki ya mgeni, baada ya hapo ni kijiko kinachosema.

Akamaliza cha kwanza, akamiminiwa. Cha pili. Cha tatu. "Ahsante, mama, nzuri kweli." Cha nne. Kila akimaliza anakipanga kijiko kwenye kisahani kwa adabu zote, na Bi Tomma anakuja na birika. Cha tano akaanza kutazama mlango. Cha sita akafungua kifungo cha koti. Macho yake yakanijia mimi, yakiomba. Mimi nikawa natazama mvua. Mvua ya leo ilikuwa ya kutazamwa.

Baada ya cha saba akasimama ghafla, akashukuru kwa sauti nyembamba, akatoka nje huku akitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Nilimfuata Bi Tomma jikoni. "Unamuua mzee wa watu."

"Ungemwambia wewe."

"Na wewe je?"

"Mimi mwenyeji. Mwenyeji hamwambii mgeni kwamba kashiba."

9 Oktoba

Jua kidogo asubuhi, halafu mvua. Tenga 41 tupu mpaka mchana. Nililitazama mara nyingi kuliko nilivyopanga.

11 Oktoba, Ijumaa

Alikuja mwenyewe mpaka 58. Alisimama mbele yangu mvuani, kofia mkononi.

"Samahani, mama. Bi Tomma kaniambia nije nikuulize wewe kuhusu kijiko."

Nikamweleza. Sikumpunguzia. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya paa langu, akakohoa, akacheka tena. "Saba," akasema. "Usiku ule nililala nimekaa. Na ulikuwa unaniona?"

"Nilikuwa naangalia mvua."

"Aha. Na kuna jingine unalolijua juu yangu ambalo mimi silijui?"

"Lipo. Tenga umeligeuza vibaya."

"Nimeligeuza nilivyotaka."

"Unaloa."

"Ndiyo."

Hakuna mtu aliyewahi kunijibu hivyo. Wafanyakazi wangu walikuwa wanatoa sababu. Nikamwambia aketi kabla mbwa hawajamkuta. Akakaa ukingoni mwa tenga langu kama mtu aliye kwenye basi.

Kasema hivi, nami naandika kama alivyosema: "Mama, nimefanya kazi miaka thelathini na moja chini ya ardhi, kwenye makaa. Kule hakuna hali ya hewa. Januari na Julai ni ndugu. Joto ni lile lile, vumbi ni lile lile. Ukipanda juu unamuuliza mlinzi wa geti, leo kulikuwaje? Anakwambia, mvua tu, hujakosa kitu. Hujakosa kitu. Nimeambiwa hivyo miaka yote. Sasa nimekuja kuona nilichokosa. Sasa niipe mgongo?"

Nikammiminia chai ya chupa. Haina krimu. Akakoroga, akanitazama, nikamwacha.

Alipoinuka akasema, "Fokko kaniambia lile tenga lilikuwa lako. Shika ufunguo." Akanyoosha mkono.

"Ufunguo unatoka kwa Fokko."

"Basi njoo ukae. Ni la watu wawili."

Nikamwambia nitafikiri.

12 Oktoba

Nafikiri. Mvua.

13 Oktoba

Mabata bukini wamepita asubuhi nzima, mistari juu ya mistari, wanapiga kelele kama wanagombania kiti. Mbwa wa kahawia kaniletea fimbo.

15 Oktoba, Jumanne

Nimekwenda. Nilibeba turubai langu, mto wangu na chupa yangu, ili isije ikasemwa nimekwenda kuomba. Akasogea. Nikakaa upande wa kulia, ambao ndio wangu. Ewald alikuwa anakaa kushoto.

Mvua ilikuja moja kwa moja usoni. Iliingia shingoni, ikafuata uti wa mgongo, ikafika isipopaswa. Bahari haikuwa na rangi. Ilikuwa inakuja tu, safu nyuma ya safu, nyeupe juu, rangi ya bati chini, na kila wimbi lilipovunjika povu lilikimbia mchangani kama kondoo waliotishwa. Miaka kumi na tisa nimekaa hapo hapo nikitazama kilima cha mchanga na nyasi zake. Kilima kile nakijua unyasi kwa unyasi. Bahari nilikuwa naisikia tu nyuma yangu.

"Unaonaje?" akauliza.

"Baridi."

"Ndiyo. Na kingine?"

"Hakuna kingine."

Nilikaa mpaka giza lilipotukuta. Tuliporudi njiani nilimwambia kwamba kuna pembe, si baharini kabisa na si kilimani kabisa, ambapo mtu anaona maji na bado anabaki na bega moja kavu. Kesho nitaipima.

16 Oktoba, Jumatano

Leo niandike kwa urefu. Bi Tomma kanifungia miguu kwenye blanketi kama mtoto.

Tangu alfajiri upepo ulihamia kaskazini magharibi ukawa unapiga ngoma kwenye bati la jiko. Ni bamvua, mwezi umetoka kujaa juzi, maji makuu yalikuwa yaje saa saba. Kwa kawaida Fokko huyavuta matenga yote mpaka kwenye miguu ya vilima upepo ukigeuka hivi, na asubuhi alikuwa ameshaanza na trekta lake kutokea upande wa mbwa. La kwangu lilikuwa la kwanza kuokolewa. Nilisema moyoni, hatimaye 58 limefaa kitu. Halafu trekta likazama mchangani katikati ya ufuko, akakimbia kijijini kutafuta mbao za kutia chini ya magurudumu.

Saa sita nilisimama juu ya njia ya vilima, nimeshika kofia. Maji yalikuwa yameshafika pale ambapo jana tulikuwa tunapanga viatu. Lile tundu la kilima ninalolisifu, linalokata upepo wa magharibi, halina lolote mbele ya upepo wa kaskazini. Ni kama bakuli. Maji yanaingia kwa mlango na hayatoki. Nami hilo nililijua siku zote. Na 41 lilikuwa limesimama mle, turubai limeshushwa mbele, limefungwa kutoka ndani.

Nilishuka. Gambuti zilijaa kwa wimbi la kwanza. Nilipiga paa kwa ngumi.

"Nani?" sauti ikatoka ndani, nzito, ya usingizi.

"Hamsini na nane."

"Karibu, mama."

"Bwana Kowollik, maji."

"Nayasikia. Ndiyo yaliyonileta."

"Yako miguuni pako, mzee."

Mara nikasikia chupa ya chai ikielea na kugonga ubao. Akaanza kuhangaika na fundo. Kamba ikilowa fundo linakuwa jiwe, na alifunga kama wanavyofunga wachimbaji, fundo la kudumu. Mimi tangu nina miaka kumi na tisa sijatoka nyumbani bila wembe wa kukwangulia vioo mfukoni. Nilikata kamba ya Fokko mara mbili, turubai likaruka, na mzee akawa ananitazama amekaa kwenye maji ya kufika vifundoni, kofia imepinda.

"Nilidhani huwa yanafika hapa," akasema.

"Hayafiki hapa. Inuka."

Akainuka. Nikamshika mkono, tukapiga hatua kuelekea njia, na hapo wimbi kubwa likaja likaliinua tenga nyuma yetu, likaliyumbisha, likaliacha limeinama.

"Acha," akasema. "Ni tenga tu."

Nikamwambia, "Ni arobaini na moja."

Akanitazama. Mvua ilikuwa inatutandika wote wawili usoni na hakuna aliyekuwa ameipa mgongo. "Haya," akasema. "Linahamishwaje?"

Tenga lililolowa halibebwi, hata na watu wanne. Lakini kabati la ofisi nalo halibebwi, na nimehamisha makabati ya ofisi maisha yangu yote ili nifike kwenye dirisha lililo nyuma yake. Unaliinamisha kwenye kona moja, unalizungusha, unalishusha kwenye kona nyingine. Linatembea lenyewe kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Nilimwambia ashike kushoto. Nikawa natoa amri: inamisha, zungusha, shusha. Maji yalikuja yakatusaidia kulisukuma, yakarudi yakatuibia nusu ya tulichopata. Mara moja nilianguka magoti, na maji yakanifika kifuani. Akaniinua kwa ukosi wa koti kama anavyoinuliwa mwana wa paka. "Amri inayofuata, mama," akasema. "Nasubiri."

"Inamisha," nikasema.

Tuliufikisha mguu wa kilima ule mzigo wetu wa kusukwa. Tukauegemeza kwenye nyasi, tukaingia ndani, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kuketi. Tukawa tunahema. Mbele yetu bahari ilikuwa imeuchukua ufuko wote, nyeupe tupu, na mahali 41 lilipokuwa hapakuwa na mahali.

Fokko akaja mbio na mbao mbili begani, akasimama.

"Nimewaona kutoka juu," akasema. "Nikadhani mnacheza dansi."

"Trekta lako liko wapi?" nikamuuliza.

"Linaoga."

Halafu akaiona kamba. Akaishika, akaitazama ilivyokatwa. "Nani huyu kaniharibia?"

"Deni niandikie mimi," nikasema.

"Hapana," akasema Kowollik, "tenga liko kwa jina langu. Niandikie mimi."

Fokko akatutazama mmoja mmoja, akasema moin, akaenda zake kutafuta trekta.

17 Oktoba

Mafua. Yeye pia, nasikia. Bi Tomma anapeleka mtungi wa juisi ya moto ya matunda ya miiba, dawa ya mafua, kule kwa mwokaji mikate alikopanga Kowollik, na anarudi na mkate. Salamu zinakwenda na mtungi, matusi yanarudi na mkate. Leo kaandika kwenye karatasi ya mkate: "Inamisha."

20 Oktoba, Jumapili

Mbingu imechujwa. Trekta limetoka, 41 limerudi mahali pake, na tumeliweka kwenye pembe yangu, ile ya bega moja kavu. Analalamika kwamba anakosa nusu ya mvua. Nimemwambia nusu hiyo nimemwekea.

22 Oktoba

Mvua nyembamba kama unga. Tumekula samaki wa kuvuta moshi kwa mikono. Shakwe kaiba kichwa. Hakuna la kuandika, na naandika kwa sababu hiyo hiyo.

24 Oktoba, Alhamisi

Tukiwa na chupa ya pili ya chai akasema, bila kunitazama, "Binti yangu Silke kapata nyumba Majorca. Anataka vuli ijayo niende kule. Mpaka Machi."

"Kuna nini Majorca?"

"Jua."

"Na nini?"

"Anasema jua linatosha. Anasema, baba, umekaa gizani maisha yako yote, sasa unakwenda kukaa mvuani?"

"Ana hoja," nikasema, kwa kuwa anayo.

"Anayo," akasema.

Mvua ikaongezeka. Nikalivuta turubai upande wake, ambao ni wa kushoto, ambao ulikuwa wa Ewald. Nimeandika, limeandikwa. Bado ni suala la upepo, ila naona upepo nao una mambo mengi ndani yake.

27 Oktoba

Saa zote zimerudishwa nyuma saa moja, kama kila vuli. Giza linakuja na kikombe cha pili.

29 Oktoba, Jumanne

Fokko ameanza kuyapeleka matenga ghalani kwa majira ya baridi. Ameanza upande wa mbwa. 58 limekwenda asubuhi, na mbwa wa kahawia alilisindikiza mpaka barabarani. 41 ni la mwisho, Ijumaa, saa tano.

Kanuni yake nyingine ni hii: jina la mwaka ujao hushikwa kwa kupeana mkono naye, tenga likiwa bado mchangani. Aliyekuwa na ufunguo ndiye mwenye kauli ya kwanza. Tenga likishapanda kwenye trekta bila mkono kushikwa, halina mtu tena, linaingia kwenye kundi la wote, na siku ya Mikaeli atalipata tena mtu wa choo.

Nilimuuliza saa tisa, kwa Bi Tomma, meza ya kona. Sikuzunguka. Nilisema, "Bwana Kowollik, vuli ijayo 41 tulishike wote wawili. Wewe jina lako, mimi jina langu. Fokko atanung'unika, nitamshughulikia. Ndiyo au hapana?"

Alikuwa kwenye kikombe cha tatu. Alitazama dirisha. Bi Tomma akaja na birika, na mzee, ambaye wiki tatu zilizopita alikunywa saba kwa kutojua, akakichukua kijiko na kukitia ndani ya kikombe. Kikalia.

"Ahsante, mama," akamwambia Bi Tomma. Kisha akaniambia mimi, "Nitafikiri." Akavaa kofia.

Nimekaa na kijiko kile mbele yangu mpaka kikapoa.

30 Oktoba

Mvua. Tulikaa. Tulizungumza kuhusu mabata bukini.

31 Oktoba, Alhamisi

Sikukuu. Mvua kutwa, ile ya vuli kweli, isiyo na hasira, inayonyesha tu kwa sababu ni kazi yake. Nimepaki sanduku. Taulo nimeliweka juu, lisijikunje.

Ukurasa huu nitauchana na kuupitisha chini ya mlango wa mwokaji, kwa hiyo kuanzia hapa naandika kwako, Bwana Kowollik.

Uliponiambia njoo ukae, nami nilisema nitafikiri. Nilifikiri siku nne, nikaja na mto wangu. Wewe leo ni siku ya pili, na mimi siku nne sina. Feri yangu ni kesho saa nane.

Najua habari ya Silke na sitaisema vibaya. Binti anayemtakia baba yake jua ni binti mwema. Kama ni Majorca, niambie Majorca. Nitampa Fokko mkono peke yangu, akikubali, nitakaa upande wa kulia, na nitaligeuza tenga kwenye ile pembe, si kilimani tena, hilo umeshaniharibia. Nitakuandikia kulikuwaje. Sitakuandikia hujakosa kitu.

Kama ni hapa, usilete maua wala hotuba. Leta mkono.

Kesho Fokko anafika na trekta saa tano kamili. Mimi nitakuwa ndani ya 41 tangu saa nne, uso baharini, nimelowa. Nataka jibu kabla ya saa tano, kwa mdomo wako, mbele yangu: ndiyo au hapana. Kijiko sikipokei.